Nusu fainali ya Texas ilistahili zaidi ya mstari mmoja

Mwandishi, katika makala yako unasema kufungwa 13-10 na Michigan nyumbani kumeutia doa msimu wa 2024 wa Ohio State, timu ya chuo kikuu chetu ya mpira wa miguu wa Kimarekani. Iliuma, sisi wa Columbus, mji wa timu hii, tunajua. Lakini nusu fainali dhidi ya Texas umeipa mstari mmoja tu! Tunaongoza 21-14, dakika zinayoyoma, Texas wamebakiza yadi 8 kufika eneo la kufungia na jaribio la mwisho la kusogeza mpira. Jack Sawyer, mlinzi wetu, kijana wa Pickerington hapa jirani, akamvaa kwa nyuma Quinn Ewers, mrusha mpira wa Texas, mpira ukamtoka, akaunyaka mwenyewe akakimbia nao yadi 83 hadi kufunga. Nilisimama sebuleni machozi yananitoka. Fainali tukawapiga Notre Dame 34-23, ubingwa wetu wa kwanza wa taifa wa vyuo tangu msimu wa 2014. Vijana hawa waandikiwe haki yao.