Rufiji baada ya bwawa: tumebishania maji, tukasahau tope

Mafuriko ya Aprili 2024 yalipozamisha mashamba na nyumba katika wilaya za Rufiji na Kibiti, Tanzania, wakazi wengi walilaumu maji yaliyofunguliwa Bwawa la Julius Nyerere. Serikali ikajibu kwamba bila bwawa hali ingekuwa mbaya zaidi. Kila upande una hoja, ila wote wanazungumzia maji tu. Mimi naona tope lina uzito uleule.

Mto Rufiji unaanzia pale mito ya Kilombero na Luwegu inapokutana, na Kilombero pekee huleta zaidi ya nusu ya maji yote. Ruaha Mkuu huingia baadaye, ukiwa umeshapunguzwa na mashamba ya mpunga ya Usangu na mabwawa ya Mtera na Kidatu. Yote hupita kwenye korongo moja jembamba, na hapo ndipo ulipojengwa ukuta wa bwawa, wa mita 131. Chini ya korongo nchi ni tambarare. Mto hupunguza kasi na kutua mzigo wake wa tope, hadi kwenye delta, pale unapogawanyika kuingia baharini, inayotazamana na kisiwa cha Mafia.

Faida ya ukuta huo si ndogo. Mitambo tisa, megawati 2,115. Aliyepitia mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023, fundi wa kuchomelea aliyeshinda kibandani bila kazi, hahitaji kushawishiwa.

Lakini bondeni furiko la kawaida ndilo shamba lenyewe. Mkulima hupanda mpunga kabla maji hayajapanda. Yakishuka, hupanda mahindi na kunde kwenye udongo mbichi wa tope lililoachwa na mto, bila mfuko wa mbolea. Kilimo hicho wao huita mlau. Ziwa Ruwe nalo hujazwa na mto ukifurika, na samaki huingia humo. Baada ya mafuriko ya 1968 watu walihamishiwa vijiji vya nchi ya juu, lakini wengi waliendelea kushuka bondeni kulima, wakilala kwenye madungu, vibanda vya juu ya nguzo, kulinda mpunga dhidi ya nguruwe. Walijua hatari, na walijua pia chakula kinatoka wapi.

Wapo wanaosema delta haijawahi kutulia. Ni kweli. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mto wenyewe ulihamishia maji yake mengi kwenye milango ya kaskazini. Maji huko yakapungua chumvi, watu wakakata mikoko wakalima mpunga. Hivyo si kila badiliko ni la kulaumiwa bwawa. Tofauti ni kwamba mto ulipohama, tope lilihama nao. Sasa sehemu kubwa hubaki nyuma ya ukuta, ilhali mawimbi yanaendelea kula ufukwe kama zamani.

Bwawa limeshajengwa na sioni sababu ya kulijutia. Ninachodai ni furiko la kupangwa wakati wa masika, kwa kiasi ambacho bonde linakihimili, na tarehe yake itangazwe mapema hadi kwenye vitongoji vya delta. Tutapoteza maji ambayo yangezungusha mitambo, na tope lililokwisha kutua ndani ya bwawa halitafuata lote. Hata hivyo mkulima wa mlau atajua lini apande, na mvuvi atajua lini asogeze kambi yake.