Chaucer na "mtunzi" Lollius
Makala niliyoisoma inadai washairi wa Ulaya ya zama za kati hawakujali nani katunga nini. Hapo nakataa. Mtazameni mshairi Chaucer wa Uingereza: hadithi ya Troilus na Criseyde, aliyoitunga miaka ya 1380, sehemu kubwa kaitoa kwa mwandishi Boccaccio wa Italia, lakini jina la Boccaccio halimo popote katika kazi zake. Anasema anamfuata Lollius, mtu wa kale ambaye hakuna aliyewahi kukiona kitabu chake! Wataalamu wengi wanahisi jina lilitokana na mstari wa Horace, mshairi wa Kirumi wa kale, uliosomwa vibaya. Nionavyo mimi, Boccaccio alikuwa wa juzi mno, tena kaandika Kiitalia. Uzito walikuwa nao watunzi wa kale walioandika Kilatini.

Halafu mwishoni anakituma kitabu chake kikabusu nyayo za washairi watano wakuu wa kale: Virgil, Ovid, Homer, Lucan na Statius. Unyenyekevu wa aina yake huo, kujiweka wa sita kimyakimya! Papo hapo anaomba wanakili, yaani wanaokiandika upya kitabu kwa mkono, wasimvurugie mizani. Na kuna shairi fupi linalohusishwa na Chaucer linalomwombea mnakili Adam upele wa kichwa asiponakili sawasawa, maana anayebaki kukwangua makosa ni mtunzi mwenyewe.