Ubongo hauijui misuli? Tusiharakishe

Ukikaa na wanafunzi wa tiba ya viungo hapa Moshi, hukawii kusikia kauli inayohusishwa na John Hughlings Jackson, daktari Mwingereza wa karne ya 19: ubongo haujui misuli, unajua miondoko tu. Inatamkika vizuri. Mimi naona imetumika kupita kiasi, hasa pale mgonjwa wa kiharusi anapopewa mazoezi ya matendo mazima tu, kama kubeba kikombe, bila zoezi la misuli au vidole vyenyewe.

Si kwamba haina mashiko. Mwaka 1986 Apostolos Georgopoulos na wenzake walionyesha kuwa ukijumlisha ishara za seli nyingi za gamba la mwendo la kima, yaani sehemu ya ubongo inayoamuru miondoko, unajua mkono wake unaelekea wapi. Mwaka 2002 Michael Graziano na wenzake walipitisha umeme hapo kwa nusu sekunde. Mkono ukaenda mdomoni na mdomo ukafunguka.

Sasa njoo kwenye jaribio la Kakei, Hoffman na Strick la 1999. Kima alifundishwa kukunja kifundo cha mkono kuelekea shabaha zilezile, mara kiganja kikitazama juu, mara chini, mara upande. Kiganja kikigeuka, shabaha inabaki palepale, ila misuli inayofanya kazi inabadilika. Takriban nusu ya seli zilifuata uelekeo. Karibu theluthi zilifuata misuli. Watu wakishaiona ile nusu, wanafunga kitabu. Theluthi nzima, jamani, katika sehemu tuliyoambiwa haijui msuli ni nini! Tena aina zote mbili zimo katika gamba hilohilo, jambo linalonifanya niamini kwamba uelekeo unageuzwa kuwa amri ya misuli humohumo, bila kuuachia uti wa mgongo kazi hiyo.

Zaidi ya hapo, baadhi ya seli za gamba hilo hufika moja kwa moja kwenye neva za misuli ndani ya uti wa mgongo, bila seli nyingine katikati. Kweli, seli moja kwa kawaida hugusa misuli kadhaa, kwa hiyo wanaodhani kila msuli una kitufe chake wamekosea pia. Lawrence na Kuypers, mwaka 1968, walikata njia ya piramidi, inayobeba nyuzi za seli hizo kutoka ubongo hadi uti wa mgongo. Kima wakapona kiasi cha kukimbia na kupanda. Kilichopotea ni kutumia kidole kimoja kimoja: chakula kilichokaa kwenye kishimo kidogo hawakuweza kukichomoa kwa ncha za vidole.

Mchumaji wa kahawa wa Kibosho analijua tendo hilo: mkono mmoja unavuta tawi, vidole viwili vya mwingine vinachagua tunda jekundu na kuliacha bichi. Kiharusi hakikati njia hiyo peke yake, najua. Lakini mgonjwa wa kiharusi aliyebaki na uwezo wa kuvuta tawi tu hatafika mbali kwa kuambiwa abebe kikombe, eti ubongo utajipanga wenyewe. Kikombe abebe, na apewe pia maharage ya kuchambua, punje moja moja, kwa kidole gumba na cha shahada.