"Baba, huna imani"

Novemba iliyopita nilikuwa mwaloni Kibirizi, hapa Kigoma mjini, nimefuata dagaa. Zilikuwa siku za giza, ndizo siku ambazo wavuvi wetu wanashinda ziwani usiku kucha, taa zao zikiita dagaa. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi inapumzika.

Asubuhi hiyo wingu lilishatanda upande wa Kongo. Mama mmoja alikuwa ameanika mzigo wake mchangani, nusu umekauka, nusu bado unang'aa. Dagaa wakinyeshewa katika hali ile, bei imekufa. Mimi nilikuwa na turubai na gari la kubebea, yeye hakuwa na kitu. Alitaja laki moja na nusu. Nikatazama wingu, nikanyamaza. Akashuka mpaka laki na ishirini. Nikatazama wingu tena. Matone ya kwanza yalipodondoka nikamhesabia elfu tisini, akapokea.

"Baba, huna imani," alisema, akizifunga kwenye pindo la kanga.

Nikacheka kidogo. Biashara ndiyo hiyo. Lakini Jumapili iliyotangulia nilikuwa mbele ya watoto wa kipaimara, ninawakaririsha Kanuni ya Imani, na aliyekosea neno moja nilimrudisha mwanzo.

Mgeni anayejifunza Kiswahili angedhani yule mama ananishutumu kwamba simkubali Mungu. Sisi tunajua alichosema. Asiye na imani ni asiye na huruma. Konda akimshusha bibi kizee njiani kwa kupungukiwa nauli ya mia mbili, abiria watasema hana imani, hata kama rozari inaning'inia kwenye kioo cha dereva. Hakuna atakayemuuliza anasadiki nini juu ya Utatu Mtakatifu. Nadhani lugha yetu imeishika Injili vizuri kuliko mwalimu wa dini kama mimi.

Tazama tunavyosali. Sala ya Imani inaanza, "Mungu wangu, nasadiki maneno yote." Maneno! Ni sala nzuri, nimeisali tangu utoto na sitaiacha. Lakini inafuatwa na ya matumaini, halafu ya mapendo, ambayo ndani yake tunasema tunampenda jirani kama nafsi zetu. Tunazisali zote tatu kwa pumzi moja, kisha kwenye mtihani wa kipaimara tunauliza ile ya maneno tu. Yakobo alishaliona hili: anayeamini kwamba Mungu ni mmoja anafanya vema, ila mashetani nao wanaamini hivyo hivyo, na wanatetemeka. Mimi pale mwaloni sikutetemeka hata kidogo.

Wazee wa kimisionari walikuwa waangalifu zaidi yetu. Mapadre Weupe walifika Ujiji mwaka 1879, na mwanzilishi wao, Lavigerie, alikuwa ameagiza mtu asibatizwe kabla ya miaka minne ya ukatekumeni, yaani kuandaliwa kwa ubatizo. Miaka minne! Kukariri majibu hakuhitaji muda wote huo, mtoto wangu wa darasa la tano alimaliza kwa miezi. Muda ule ulikuwa wa kumtazama mtu anavyoishi na mke wake, na majirani, na wadeni wake. Leo tungemwambia Lavigerie anachelewesha watu.

Sasa asije mtu akanisoma vibaya, akasema mafundisho hayana maana, muhimu ni moyo. Hapana. Kanuni ya Nikea ilianza kuandikwa mwaka 325 kwa sababu watu waligombana kweli juu ya Kristo ni nani, na jibu lake lina uzito. Mtu asiyejua anamwamini nani ndiye anayeuziwa chupa ya maji ya "upako" kwa bei ya debe la mahindi. Ila kusadiki kwamba daraja ni imara ukiwa umesimama ng'ambo hakujakuvusha popote. Mimi nilikuwa najua kila msumari wa daraja hilo, na miguu yangu ilikuwa mikavu kabisa.

Giza lililofuata nilirudi Kibirizi. Nilikuwa nimepanga kumrudishia elfu sitini. Njiani nikajadiliana na nafsi yangu, mafuta yamepanda, ada za shule Januari, nikafika na arobaini. Alinitambua kabla sijamtambua. Nikamwambia, "Mama, ile siku ya mvua nilikuonea." Hakujibu. Akazihesabu noti, akazihesabu tena, akafunga pindo.

"Haya," akasema, akivuta karai. "Leo unachukua ngapi?"