Natangaza, Natangaza!

Sawa. Kwa kuwa ile voisi niliyomrekodia rafiki usiku nikiwa gesti huko Jambiani, Zanzibar, imeshafika mpaka kwa shangazi yangu Morogoro, mtu ambaye WhatsApp kafundishwa juzi na wajukuu, acha nisimulie mwenyewe, maana kila anayeisambaza anaongeza na lake. Wa mwisho kasema nimekutwa juu ya mnazi. Mnazi! Mimi na hili tumbo.

Aliyeivujisha mnamjua, ndo yuleyule tuliyekuwa twende wote, boti inakaribia kuondoka Dar yeye ananipigia eti bosi kamzuia. Nikasema poa, naenda peke yangu, mwanaume mzima siwezi kushindwa kukaa Jambiani naangalia bahari. Nikapanda daladala 309, nikapata gesti nyuma kidogo ya ufukwe, masika hii bei zimelala, sh. 40,000 na chai ya asubuhi humohumo. Chumba safi tu jamani, sitaki kumsema mtu. Kuta za mawe, paa la makuti, chandarua kimening'inizwa kwenye boriti kwa duara la fito. Feni lilikuwepo, umeme ndo haukuwepo. Na kati ya ukuta na paa kuna uwazi, nikamuuliza dada wa mapokezi huu wa nini, akanijibu wa upepo kaka. Hakunitajia na wengine wanaoutumia.

Mchana hauna habari. Maji yalitoka yakaenda zake huko kwenye mwamba, kina mama wanafunga mwani palepale nilipopanga kupiga mbizi, mi nikala pweza, nikanunua chane la ndizi kisukari zimeiva mpaka zina madoadoa, nikazitundika kwenye msumari wa ile boriti ya chandarua, sisimizi wasizifikie. Msicheke bado.

Jioni giza, umeme haujarudi, tukakaa barazani na vijana wa pale na mzee mlinzi. Sasa wapemba na waunguja wakikaa gizani stori inaishia wapi? Popobawa, lile jini linalovamia watu usiku. Wakaanza na mwaka 1995, lilivyoibuka Pemba likavuka mpaka Unguja, watu wakawa wanalala nje kwa makundi moto unawaka, na wanaume ndo wa kwanza kubeba mikeka. Nyie msiojua popobawa anawafanyaga nini wanaume muulizeni mtu mzima, mi siandiki, mama yangu yupo humu. Ila shikeni hili moja: wanasema akikutokea ukakaa kimya bila kutangaza kwa watu, anarudi. Nikacheka mpaka nikapaliwa na chai. Nikawaambia sisi watu wa Temeke hatuna mambo hayo. Yule mzee hakucheka, akasema tu, "Haya baba, ulale salama."

Nikalala. Sijui saa ngapi nikasikia mtoto analia.

Mtoto mchanga kabisa, ile ya kwikwi halafu anavuta pumzi halafu anapasua. Nikajisemea jirani ana mtoto. Afu nikakumbuka sina jirani, vyumba vya upande wangu vyote vitupu, wageni wengine ni Wajerumani wawili upande wa pili na hawana mtoto. Na ile sauti haitoki pembeni. Inatoka juu.

Kikanyamaza. Afu nikasikia makuti yanaparuzwa. Kra. Kra. Vumbi likaanza kunidondokea kupitia chandarua, kwenye paji la uso, kwenye kope, nataka kupiga chafya naogopa kupiga chafya. Hapo ndo nikarekodi ile voisi, na ninachosema pale mwanzoni kwa wasioelewa ni hiki: "Mwanangu, kuna mtu juu ya paa ana mtoto, hapana, mtoto ndo mtu, sikiliza, kama sitorudi ile laki mbili unayonidai nisamehe." Huyo mshenzi hiyo ya laki mbili kaikata, kabakisha kilio tu.

Kitu kikaingia kwa ule uwazi. Nakisikia kinatembea juu ya boriti, taratibu, kinasimama, kinapumua. Mi nimekaza macho, ayatul kursi naianza, nafika katikati napotea, narudi mwanzo. Mara tone likanidondokea. La moto. Mdomoni. Na harufu yake wallahi siwezi kuielezea, na wale vijana jioni walishasema, kwanza inakuja harufu.

Basi nikajua ndo leo.

Nikafumbua macho. Juu kabisa, kwenye giza, macho mawili mekundu, makubwa, yananitazama yameduwaa. Mi namtazama. Yeye ananitazama. Afu akaruka. Sijui alizilenga ndizi akakosa au vipi, najua tu uzito ulitua kwenye chandarua, duara likakatika, na vyote vitatu, yani duara, chandarua na hicho kiumbe, vikanishukia kifuani, na chane la ndizi likafuata usoni.

Sikumbuki kufungua mlango. Nakumbuka mchanga chini ya miguu. Natoka mbio nimejiviringisha chandarua kichwa mpaka miguu, mkia unaburuza nyuma kama bibi harusi, ndani nina bukta tu, na kwa kuwa sharti nalijua nikaanza kulitimiza kwa sauti zote alizonijalia Mungu: "NATANGAZA! NATANGAZA JAMANI! KANIKUTA CHUMBA NAMBA NNE! MIMI NATANGAZA!"

Nikamvaa mzee mlinzi pale kwenye kiti chake tukaanguka wote. Nimemkumbatia, simwachii, bado natangaza, sasa naitangazia shingo yake. Wajerumani wametoka na tochi. Dada wa mapokezi katoka na mwiko. Mzee anasukuma mkono wangu anasema kwa upole, "N'achie baba, waniumiza mbavu. Ushatangaza, twakusikia."

Akachukua tochi akaenda chumbani kwangu, mi nyuma nimeshika shati lake. Akamulika kitandani.

Komba. Kamekaa katikati ya shuka langu, mkia umekunjwa vizuri, mikono miwili imeshika ndizi, kananitazama mimi kama nimeingia bila hodi. Mzee akanieleza palepale nikiwa nimevaa chandarua, kwamba kilio kile ni chake ndo anavyoitana na wenzake, na lile tone ni mkojo, komba hujikojolea mikono akajipaka ili ashike matawi vizuri. Nimeinawa midomo mpaka sabuni ya gesti imekwisha. "Akikosa tembo kwenye vibuyu vya wagema, ndizi hazimpiti," akasema. Mlevi kama komba tunasema kila siku, sikujua na ndizi zangu zinahusika.

Asubuhi nikalipa chandarua. Dada akaniomba kwa heshima nikitangaza tena nisitaje namba ya chumba. Watoto wa skuli wakipita dirishani wananisalimia "shikamoo, natangaza."

Hayo yote ningeyameza. Tatizo ni kwamba Wajerumani walifurahi. Wamesema huko kwao hawajapata kuona komba kwa karibu vile, wakampa mzee hela, na mzee na upole wake wote akaona fursa. Kila magharibi ananiletea chane jipya analitundika mwenyewe kwenye boriti yangu. Komba naye hajakosa. Leo wamekuja wageni mpaka kutoka Paje, mmoja kafunga kamera kwenye tripodi miguuni mwa kitanda changu, nimebanwa ukutani naandika haya, na mzee ananinong'oneza nizime simu, mwanga unamfukuzia mteja.