Mlima wa Upande wa Kenya

Mjomba wangu ni mwenyekiti wa kila kamati ya harusi katika ukoo wetu, na hakuna anayekumbuka alichaguliwa lini. Safari hii alikuwa anamwozesha mwanawe mwenyewe, kwa watu wa Kibosho, kwa hiyo makali yaliongezeka. Akaniita pembeni.

"Blanketi la mkwe tumeshatoa. Siku ya sendofu nataka tupeleke kitu ambacho panya hali, mchwa hali. Wewe si unachorachora? Nichoree chuma."

Ninachorachora kweli. Nina kibanda cha kadi, fulana na mabango hapa Moshi mjini. Tukakubaliana: duara la bamba la milimita 2, upana sentimita 60, Mlima Kilimanjaro katikati, na kwa juu maneno yaliyopinda kulifuata duara: WAZAZI WETU TUNAWASHUKURU.

Kupinda maneno si kazi. Natumia Inkscape, programu ya bure, jambo ambalo mteja hana haja ya kulijua. Unachora tao, unaandika maneno, unavichagua vyote viwili, unatoa amri moja na maneno yanapanda juu ya tao yenyewe. Mteja akiwa amesimama nyuma yangu huwa nakunja uso kidogo na kuvuta pumzi, ili bei isije ikaonekana kubwa.

Kazi iko kwenye A. Mashine ya plazma inayeyusha chuma kwa moto wa umeme na hewa, na inakata mstari wowote uliouchora bila huruma. Ukikata A ndani ya bamba, kile kitumbo cha katikati hakishikiliwi na chochote, kinadondoka chini. Inabidi uache vidaraja vyembamba vya kukishikilia. O ni hivyo hivyo, R hivyo hivyo, B ndiyo usiseme, ina vitumbo viwili. Sasa angalia Kiswahili chetu kinavyopenda A! Kuna mama aliwahi kuniletea BARAKA ZA BABA: vitumbo kumi na vitatu. Nilimwomba tuzungumze upya habari ya malipo. Maneno ya Mjomba yalikuwa na vitano tu, A nne na R moja, nikamshukuru Mungu.

Nikaweka vidaraja, nikageuza herufi zote kuwa michoro ili kompyuta isiyo na fonti yangu isije ikaniharibia, kisha nikaunganisha herufi, mlima na duara kuwa kitu kimoja. Faili la kukatia likaingia kwenye flashi. La awali nalo likaingia, nafasi si ilikuwepo.

Fundi wetu yuko Arusha, Unga Limited. Mjomba akasema chuma kinahitaji usimamizi, kwa hiyo tulikwenda na wazee wawili wa kamati na Shangazi, na chakula cha mchana kikaingia kwenye bajeti ya harusi. Fundi akafungua faili. Mjomba akasogeza miwani.

"Simama hapo! Huu mlima wa wapi?"

"Kilimanjaro, Mjomba."

"Kilimanjaro ya nani? Mawenzi inafanya nini kushoto?"

Ukisimama Moshi, Kibo iko kushoto, Mawenzi na meno yake kulia. Picha niliyoifuatisha ilipigwa kutoka Amboseli, ng'ambo ya mpaka, na huko vilele vinabadilishana mikono. Mzee mmoja akasema mlima ni mlima. Mjomba akamgeukia. "Nimpelekee mkwe mlima wa upande wa Kenya? Mtu wa Kibosho, anayefungua dirisha anakutana na Kibo?" Fundi, ambaye ni Mmeru, akasema mlima wao hauna kero hizo, kilele ni kimoja.

Faili la kukatia halikusaidia kitu, kwani ukigeuza mlima na maneno yanageuka. Tukafungua lile la awali, fundi akageuza mlima peke yake, akarudishia vidaraja kwa mkono wake. Vichwa vyote vilikuwa kwenye kioo. "Kibo kushoto! Mawenzi kulia! Hapo sasa!" Shangazi akauliza kama theluji haiwezi kukatwa nayo. Akajibiwa kwamba chuma hakina theluji. Akatazama tena, akasema, "Na herufi naona zimenenepa. Zinapendeza."

"Kunenepa ni afya," Mjomba akasema. "Kata!"

Cheche zikaruka, grenda ikapita kusafisha makapi pembezoni, rangi nyeusi ikapulizwa. Shangazi alikuwa na karatasi ya zawadi tayari, na duara likafungwa rangi ikiwa bado inanukia. Tukaipita Usa River na Boma Ng'ombe huku Mjomba amelipakata, kilo nne na ushee, hataki mtu amsaidie.

Ukumbini mambo yalikwenda vizuri. Ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, iliingia na majani yake mdomoni, watu wakacheza, ikafika zamu ya upande wa bwana harusi. Karatasi ikachanwa. Wakwe wakapiga makofi kabla ya kusoma, na baba mkwe, mhasibu mstaafu, akainuka auone mlima vizuri. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mjomba akanikonyeza: unaona?

Mshereheshaji akashika kipaza sauti. "Na ujumbe unasema: Wazazi wetu..." Akanyamaza. Akasogea karibu. Mtu mwenye akili angeishia hapo, lakini huyu alikuwa ameshalipwa. "Wazazi wetu, tunawashuku."

Ukumbi ulinyamaza hadi feni zikasikika.

Kumbe kompyuta ya fundi haikuwa na fonti yangu. Ikaweka ya kwake, pana, kimyakimya. Maneno yakanenepa, tao likabaki lilelile, na katika programu ile herufi inayokosa nafasi kwenye tao haionyeshwi kabisa. Haipigi kelele, haiagi. RU ilikuwa imeondoka wakati sisi tunatafuta Mawenzi.

Baba mkwe akaomba kipaza sauti. "Mnatushuku kwa lipi?" aliuliza kwa upole, upole ule wa kikao cha hesabu. "Kwa sababu daftari la mahari ninalo mimi, na humu ndani kuna mbuzi wawili hawajafika. Kama kuna wa kushuku, si nyinyi."

Mjomba akasimama. "Mkwe, tunaomba radhi. Ni RU imepotea."

"Imepotelea wapi?"

"Arusha."

Hapo ukumbi ukalipuka. Mtu wa Moshi ukimwambia kitu kimepotelea Arusha, hahitaji maelezo zaidi. Shangazi hakucheka, alishamtuma mtoto kwenye uzio akakate isale, na aliporudi, Mjomba alipokezwa lile jani akaenda nalo mbele kwa mikono miwili, kama Wachaga wanavyoombana msamaha. Baba mkwe akalipokea. Kisha akafungua daftari, akasema kwa kuwa yeye ni mtu wa hesabu, kila herufi iliyopungua ni mbuzi mmoja. R mbuzi. U mbuzi. Na wale wawili wa zamani wako palepale.

Kamati ilikaa kujadili nani atalipa. Mimi nilisema tao. Fundi, kwa simu, alisema fonti. Mjomba alisema mzee aliyedai mlima ni mlima.

Nilijitolea kukata duara jingine, baba mkwe akakataa katakata. Ametundika lile lile getini, na anadai tangu siku hiyo wauza dawa za mende na wanaokuja kuomba mikopo wanasoma, wanasita, wanaendelea na safari zao.

Wiki iliyofuata akaja kibandani Mangi mmoja mwenye duka la jumla, jirani yake. Alitaka duara kama lile, ukubwa uleule, la kuweka juu ya kaunta: WATEJA WETU TUNAWASHUKU. Nilipomuuliza kama niongeze RU, akaniangalia kwa muda. Alilipa taslimu, akasimama palepale akahesabu chenji mara mbili.