Uvimbe wa Maji

Kwa miezi miwili nilikuwa na kinundu juu ya kifundo cha mkono wa kulia, ukubwa wake mithili ya njugu mawe, ambacho hakikuniuma ila kiliniudhi kila nilipofunga saa. Ofisini kila mtu alikipa jina lake. Wa kwanza alisema ni jipu, ingawa jipu huwa na usaha, huiva na humnyima mtu usingizi. Wa pili alisema ni tezi. Wa tatu, ambaye kutisha watu ni kipaji chake, alisema ni saratani.

Daktari alizima taa akakimulika ubavuni kwa tochi, na kinundu kizima kikawaka wekundu hafifu, kama kibatari kilichokingwa kwa kiganja.

"Mwanga unapita, maana yake ndani ni majimaji," alisema. "Hii ni sisti, yaani kifuko chenye ute mzito, na inayoota kwenye kiungo kama hii huitwa ganglioni. Si saratani. Huenda ikaondoka yenyewe, ila usikubali mtu aipige kwa kitabu kizito kama walivyofanya watu wa zamani."

Nilitoka nimefurahi mno, na furaha hiyo ndiyo iliyoniponza.

Nilikuwa nimesimama ndani ya daladala ya Mbagala iliyofurika, shangazi aliponipigia kutoka Kilwa. Simu yangu imeharibika, hivyo husikika kwa spika tu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Huo uvimbe daktari kasemaje?"

Nilijua kuwa sisti hataielewa, na ganglioni ndiyo kabisa, kwa hiyo nikachagua Kiswahili chepesi.

"Amesema ni uvimbe wa maji tu."

Hapo ndipo nilipokumbuka kuwa sikuwahi kumwambia uvimbe wenyewe uko wapi.

"Ngiri maji!" alipiga yowe. "Busha hilo! Babu yako alilificha mpaka likamshinda kutembea!"

Kwa haki, hakuwa mbali sana na ukweli, kwani busha nalo ni maji yaliyojaa kwenye mfuko wa korodani, na ukilimulika kwa tochi hung'aa vivyo hivyo. Kilichotofautiana ni anwani. Lakini hayo huwezi kuyafafanua ndani ya daladala. Konda alikwisha kutangaza, "Jamani, mpisheni kaka mgonjwa akae!" Kijana mmoja aliinuka, na mama aliyekuwa pembeni akaisogeza ndoo yake ya dagaa mbali na mapaja yangu, kwa upole wa kutia aibu.

"Ni mkono!" nilisema, nikiuinua juu.

"Usione haya, mwanangu," shangazi aliitikia. "Siku hizi wanapasua."

Nilikaa. Kutoka Mtoni hadi Rangi Tatu ni mbali kwa mtu aliyesimama.

Wiki iliyofuata nilipokea mzigo kwa basi la Kilwa: misuli miwili, mipana kupita kiasi. Kinundu kilitoweka chenyewe baada ya miezi mitano, lakini ukoo mzima umekwisha kuarifiwa kuwa operesheni ilikwenda salama, na Idi iliyopita babu mdogo aliniuliza, mbele ya wageni, kama sasa naweza kupanda baiskeli.